Mizani Mbili za Mama Emelyne

Selestine alizima Fuso katikati ya barabara, akavuta breki ya mkono, akaniambia tumefika. Mbele yetu kulikuwa na kijito chenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, na katikati ya maji zilisimama nguzo mbili za mti ambazo hazikubeba kitu chochote.

"Tumefika wapi?" niliuliza.

"Hapa. Daraja lilikuwepo juzi, haki ya Mungu." Alicheka, kwa sababu saruji aliyobeba ilikuwa ya duka lililokuwa upande wetu wa kijito. Mwenye shida na ng'ambo nilikuwa mimi peke yangu. "Sasa mgeni, ama urudi na mimi Mpanda jioni hii, ama uwe mwenyeji."

Nilikuwa nimepanga kulifuata bonde la Rukwa mpaka Muze, kisha nipande mlima kwenda Sumbawanga. Sipendi kurudi kwa njia niliyojia. Ni udhaifu ambao umeshanilaza kwenye mabenchi ya stesheni na vituo vya mpakani katika nchi nyingi, na sijapona. Nilimwambia nitalisubiri daraja.

"Litachukua wiki mbili hilo. Haya, nenda pale zahanati, nesi ana chumba cha wageni. Mwambie umeletwa na Selestine. Ila usimwambie niko wapi, ananitafuta, sijampeleka mtoto chanjo."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kitongoji kile, mbele kidogo ya kijiji cha Mamba, mwezi wa kumi na moja, begi mgongoni na vumbi la saruji kichwani.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kliniki ya watoto. Kwenye boriti ya baraza ya zahanati ilining'inia mizani ya duara yenye sindano, na chini ya mizani ilifungwa kaptula ya kitambaa ambamo watoto waliingizwa mmoja mmoja, miguu ikichezacheza hewani. Aliyekuwa anapima ni mwanamke mwembamba mwenye aproni ya bluu, miaka thelathini na kitu. Mama mmoja kijana alikuwa amesimama na kadi mkononi, lakini aliyemleta mtoto hasa alikuwa bibi yake, na bibi huyo alikuwa ameweka kiganja chini ya unyayo wa mjukuu.

"Bibi, toa mkono."

"Sijamshika. Nimemgusa tu."

"Ukimgusa hivyo anapungua nusu kilo, halafu kesho wananiuliza mtoto wa Mamba kakonda kwa sababu gani."

Baadaye nilielezwa. Kwa bibi wa huko, kitu kinachoachwa kining'inie peke yake ni nyama ya buchani. Mtoto hupakatwa, hufungwa mgongoni, hulazwa kifuani. Hakuna saa ambayo anaachwa hewani bila mkono wa mtu. Mhudumu yule hakugombana nao. Alimwambia bibi, "Haya, nishike mimi," akampa mkono wake wa kushoto. Bibi akaukamata kwa nguvu zote alizotaka kumkamatia mjukuu, sindano ikapanda mpaka mahali pake, mhudumu akasoma: "Kilo sita na mia mbili. Mzuri huyu." Nilimwona akifanya hivyo kwa bibi wanne mfululizo, na mpaka kliniki inaisha mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama za kucha.

Huyo ndiye Getrude. Karibu wote walimwita Mama Emelyne.

Nesi mkuu wa zahanati, Vénérande, alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, wazazi wake wakitokea Burundi, na alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na tisa. Nilimsalimia kwa Kirundi, "Mwiriwe," nikitegemea atafurahi. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Hicho Kirundi umekiokota redioni?" alisema kwa Kiswahili. "Chumba kipo. Popo wapo pia. Selestine yuko wapi?"

Nilisema sijui. Alinipa ufunguo, na kwa sauti ya chini akaniomba jambo moja: kama ninajua fizikia, nimsaidie Getrude, kama siijui, nisimchanganye.

Sikuijua. Niliisoma zamani, katika lugha niliyoichukia, na nikaiacha kwenye chumba cha mtihani pamoja na kalamu. Lakini nilijua kusikiliza, na kwa siku zile tisa hiyo ndiyo kazi niliyofanya.

Getrude alikuwa mhudumu kwa miaka kumi na moja. Aliosha vyombo, alipima watoto, alitandika vitanda, aliwashika kina mama wakati wa uchungu, na sindano hakuruhusiwa kuchoma hata moja. Hilo halikumkasirisha; lilimuuma kwa namna nyingine. Mara mbili mama alifika nesi akiwa Mamba kwenye kikao, naye Getrude akasimama kando ya kitanda akijua kila kinachotakiwa kufanyika na akijua pia kwamba si yeye wa kukifanya. Nesi Vénérande alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Alitaka kumwachia Getrude nafasi yake. Chuo cha uuguzi kilitaka angalau D ya fizikia. Biolojia alikuwa nayo, kemia alikuwa nayo. Fizikia alikuwa amepata F alipomaliza kidato cha nne, akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata F tena.

"Hii ni ya tatu," aliniambia siku ile ya kwanza, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za baraza naye akisugua mkono wake. "Nikifeli hii naacha. Siyo kwamba nimekasirika. Nitakuwa nimejua tu."

Mtihani ulikuwa Mpanda mjini, Jumatatu ya wiki ya pili. Zilibaki siku kumi na moja.

Alikuwa na mwalimu, Leodgar, aliyefundisha sekondari upande wa Usevya na kuwasaidia watahiniwa wa aina yake kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Mtandao kijijini hapo ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya tangi la maji la zahanati. Kila saa kumi jioni Getrude alikipanda kichuguu hicho na aproni yake, akainua simu, akasubiri ujumbe ushuke, kisha akaketi palepale kuusikiliza. Jioni ile alinisikilizisha.

Swali la mwalimu lilikuwa hili. Mtoto ananing'inia kwenye mizani, ametulia. Dunia inamvuta chini; huo ndio uzito wake. Kila nguvu ina mwenzake, aksheni na riaksheni. Je, mwenzake wa uzito wa mtoto ni nguvu ipi?

Getrude alikuwa amejibu bila kusita: mizani inayomvuta juu.

"Mama Emelyne," sauti ya Mwalimu Leodgar ilisema, na nyuma yake kuku walisikika, "hapana. Jibu hilo ndilo linalowapa watu F kuanzia hapa mpaka Dar es Salaam. Niambie, hiyo aksheni na riaksheni wewe unaielewaje?"

Getrude alizima simu, akanigeukia mimi kama vile ndimi niliyeuliza.

"Mimi naielewa kama shikamoo na marahaba. Mdogo anaanza, mkubwa anajibu. Dunia inamvuta mtoto, mizani inajibu. Kosa liko wapi?"

Nimesikia watu wakifafanua fizikia katika madarasa ya lugha nne, na sikumbuki maelezo yaliyonishika haraka kama yale. Nilikubali papo hapo. Tulimtumia mwalimu jibu hilo tukiwa na uhakika, wote wawili.

Jibu lilishuka kesho yake jioni. Kwanza alicheka kwa muda mrefu, kuku nao wakakimbia.

"Kwenye fizikia hakuna shikamoo, mama. Hakuna anayeanza. Hakuna mkubwa wala mdogo. Zote mbili zinatokea sekunde ileile, na zinalingana. Wewe si una mizani? Tafuta ya pili. Ziunganishe ndoano kwa ndoano, wewe shika upande mmoja, mtu anayekuzidi nguvu ashike wa pili, mvutane. Someni zote mbili. Halafu ndiyo uniletee maneno."

Getrude alishuka kichuguu akiguna. "Zinalingana! Mtu anayenizidi nguvu, halafu zilingane!"

Mizani ya pili ilikuwepo, ya zamani, imewekwa stoo kwa sababu kioo chake kilikuwa na ufa. Nesi Vénérande alizitoa zote mbili Jumamosi na kusema springi ya serikali ikikatika barua ya maelezo haitaandikwa na yeye.

Tulizipeleka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwa sababu huko ndiko waliko watu wenye nguvu. Mwenye nguvu kuliko wote aliitwa Method, mbeba magunia, shingo pana kama paja. Getrude alimweleza anachotaka. Method alitaka kwanza kujua atavutana na nani.

"Na mimi," alisema Getrude.

"We Mama Emelyne, nitakuvunja, nani atanipimia mwanangu?"

"Basi avutane na mimi," ilisema sauti kutoka kwenye kivuli cha ukuta.

Alikuwa Bibi Rozalia, bibi yake Getrude mzaa mama, ambaye ndiye aliyemlea na ambaye bado aliishi naye. Alikuwa amekuja na ndoo ya mpunga wake. Alifunga khanga upya kiunoni na kusimama uwanjani. Watu waliacha kupepeta.

"Bibi, shikamoo," alisema Method.

"Marahaba. Vuta, acha maneno."

Tulikubaliana wasizidi ishirini na tano, maana hapo ndipo sindano inapoishia. Getrude aliinamia mizani ya Method, mimi nikainamia ya Bibi. Method alivuta taratibu, kwa adabu, akiwa na uso wa mtu anayesaidia kubeba jeneza. Sindano yangu ilipanda. Kumi. Kumi na mbili. Bibi alianza kuburuzwa, hatua moja, mbili.

"Kumi na nne!" alipaza Getrude.

Na mimi nilikuwa naangalia kumi na nne.

Kelele zilizuka. Kijana mmoja wa mashine alisema hiyo ya Bibi ni mbovu, ina ufa, haoni kama ina ufa? Ikabadilishwa, Method akapewa yenye ufa. Walivuta tena, Bibi akaburuzwa tena, nasi tukasoma: kumi na sita, kumi na sita.

"Haiwezekani," alisema Method. Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Mimi nabeba gunia la kilo mia. Nguvu zangu zimekwenda wapi? Nimeshinda au sijashinda?"

"Umeshinda," alisema Getrude polepole, macho yakiwa kwenye sindano.

"Sasa mbona mizani inasema sijashinda?"

Bibi Rozalia ndiye aliyesema jua ni kali, hebu waingie ndani. Sakafu ya banda la mashine ilikuwa ya saruji laini, na juu yake zilitapakaa pumba za mpunga, kavu na telezi. Bibi alimtanguliza Method ndani. Yeye mwenyewe alibaki kizingitini, visigino vyake vikiwa vimekaa nyuma ya ukingo wa saruji. Method alikuwa na kandambili.

"Haya, vuta baba."

Method alivuta, na kandambili zikamwendea Bibi. Alijaribu kujiweka sawa, pumba zikamtoroka chini ya miguu. Bibi aliegemea nyuma kidogo tu, kama mtu anayefungua mlango mgumu, na yule mtu wa magunia akaja kwake akiteleza wima mpaka kizingitini.

"Kumi na tano!" nilisema.

"Kumi na tano!" alisema Getrude.

Sitarudia waliyoyasema wabeba magunia wenzake. Walimwita Method bwana harusi. Walimshauri aombe kazi ya kupepeta. Mmoja alipiga magoti kabisa mbele ya Bibi na kumwomba amfundishe. Bibi alichukua ndoo yake na kuuliza kama zamu yake ya kukoboa imefika.

Getrude hakucheka nao. Alikuwa ameinama, anaangalia sakafu, alama mbili ndefu ambazo kandambili zilichora kwenye pumba.

"Ni miguu," aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Mizani haijui nani ana nguvu. Inavuta wote sawasawa. Method uwanjani alinishindia Bibi kwa sababu miguu yake ilikuwa inasukuma ardhi kwa nguvu, na ardhi inamsukuma yeye. Ndani, ardhi aliipoteza." Alitembea kidogo. "Kwa hiyo pale kulikuwa na jozi nyingi. Mimi nilikuwa naona moja tu."

Alimtumia mwalimu maneno hayo hayo. Jibu lilisema vizuri sana, halafu likasema: sasa rudi kwa mtoto.

Hapo ndipo alipokwama, na siku zilikuwa zinakwisha. Jumapili alirudi misani, akakaa na kitabu mpaka giza. Jumatatu aliniambia amekariri jibu sahihi kutoka kwenye kitabu, ataliandika hivyo hivyo, kupata D si lazima uelewe. Jumanne aliniambia ameshindwa kulikariri kwa sababu halimuingii, kila akilitamka anahisi kama anadanganya. Usiku wa kuamkia Jumatano Bibi Rozalia alimsikia akiongea usingizini, akamwambia asubuhi kwamba bora hata asiende.

Jumatano jioni alipanda kichuguu, nami nikapanda nyuma yake. Ujumbe ulishuka.

"Umeshajua jozi ni ya watu wawili walewale," ilisema sauti ya mwalimu. "Method anamvuta Bibi, Bibi anamvuta Method. Hatumwingizi mtu wa tatu. Sasa, nani anamvuta mtoto chini? Dunia. Basi mwenzake lazima awe nani na na..."

Ujumbe uliishia hapo; kipande cha pili kilikuwa bado kushuka, mtandao ukakatika.

Getrude aliiweka simu kwenye goti. Mbele yetu mashamba ya mpunga yalikuwa bado makavu, mvua mbili tatu tu zilikuwa zimeyagusa, na ng'ombe walikuwa wanakatisha.

"Mizani ni mtu wa tatu," alisema.

Nilimgeukia.

"Ni mtu wa tatu. Angalia. Bibi yule akiweka mkono chini ya mguu, mizani inapungua nusu kilo. Si inapungua? Lakini mtoto hajapungua. Dunia bado inamvuta vilevile. Kama mizani ingekuwa mwenzake wa uzito, wasingeachana hata kidogo, wangekwenda sawa siku zote kama zile sindano mbili." Alihesabu kwa vidole. "Mkono na mtoto, hiyo ni jozi. Mizani na mtoto, hiyo ni jozi nyingine. Dunia na mtoto..." Aliacha. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Itabidi mtoto aivute dunia."

"Kwa nguvu kiasi gani?" niliuliza, nikijua kuwa navuka ruhusa niliyopewa na nesi.

"Ileile." Aliniangalia kwa hasira kabisa. "Mgeni, usinichezee. Mtoto wa kilo mbili na nusu? Aivute dunia yote hii, na milima yake, na Ziwa Rukwa?"

Nilimwambia sijui. Na kweli, jioni ile sikujua. Nilikuwa ninaliona jambo hilo kwa mara ya kwanza kama yeye.

Alikung'uta vumbi la kichuguu kwenye aproni. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesimulia habari za kazini.

"Emelyne alizaliwa kabla ya miezi yake. Hapa hapa, kitanda cha dirishani. Kilo moja na mia saba. Jina alimpa Nesi, mimi sikutaka kumpa jina. Nesi akamfunga hapa kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akaniambia usimtoe. Sikumtoa siku arobaini na moja, isipokuwa asubuhi, kumpima. Mizani hii hii yenye ufa. Moja na mia saba. Moja na mia sita na hamsini. Moja na mia saba. Sindano ilikuwa karibu haitikisiki. Nilikuwa nikimtia kwenye ile kaptula, akining'inia pale kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba, najiambia, dunia hata haijui kama huyu yupo."

Emelyne alikuwa na miaka kumi na tatu sasa, yuko bweni huko Mpanda, kidato cha kwanza, na kwa maelezo ya mama yake alikuwa mrefu na mbishi.

"Kumbe alikuwa anaivuta," alisema Getrude.

Alijifuta uso kwa ncha ya aproni, upande mmoja, halafu mwingine. Ng'ombe walikuwa wameshavuka.

"Kilo moja na mia saba yeye, kilo moja na mia saba dunia. Sawasawa. Kila asubuhi. Ila dunia ni nzito, haisogei, ndiyo maana hakuna aliyeona. Kama Bibi akilivuta Fuso la Selestine. Anavuta kweli, na Fuso halina habari."

Simu ilipata mtandao tena na kulia. Hakuisikiliza sauti ya mwalimu mpaka mwisho. Aliinua simu mdomoni akasema, bila salamu, "Mwalimu, ni mtoto anaivuta dunia. Nimeielewa. Niulize lingine."

Alhamisi alipima watoto kama kawaida. Nilimwona mara moja tu akikawia: mtoto mdogo sana, wa wiki tatu, alikuwa ametulia kwenye kaptula, sindano imesimama, bibi yake amemkamata Getrude mkono, na Getrude hakusoma mara moja. Alikuwa anaangalia sakafu chini ya mtoto. Bibi akamuuliza kuna nini. "Hakuna kitu," alisema. "Mbili na mia nane. Ana nguvu."

Ijumaa mvua kubwa ilinyesha mchana kutwa. Jumamosi asubuhi Richard, kijana wa bodaboda, alifika na pikipiki, amevaa koti la mvua na mifuko ya nailoni miguuni. Angempeleka Getrude mpaka Mamba, huko angepata gari la Mpanda. Nesi Vénérande alimletea kalamu mbili na rula, akamkagua kola kama anayempeleka mtoto darasa la kwanza, akasema, "Soma swali mara mbili. Usiwe na haraka ya kumsaidia mtu, huko hakuna mgonjwa."

Bibi Rozalia alikuwa amesimama kando ya pikipiki na khanga kichwani.

"Bibi, niombee," alisema Getrude.

"Nikuombee nini? Ukifaulu unakwenda chuo miaka mitatu, mimi nabaki na kuku. Ukifeli unarudi, unalia mwaka mzima, usiku unaongea. Sasa mimi nimwambie Mungu nini?"

Getrude alimshika mabega. Alikuwa anamzidi urefu kichwa kizima, na aliinama mpaka paji la uso wake likagusa la bibi yake. Walikaa hivyo. Richard aliangalia pembeni, nami nikasoma tangazo la chanjo ukutani.

"Mwambie nifike salama," alisema Getrude.

"Hilo naweza," alisema Bibi.

Alipanda nyuma ya Richard, begi likiwa katikati yao. Pikipiki iliondoka, ikafika kwenye mteremko mbele ya lango la zahanati, ikazama. Tairi la nyuma lilizunguka mahali pamoja likiunguruma.

"Mgeni! Sukuma!" alipiga kelele Richard.

Nilikimbia, nikaweka mikono kwenye keria. Miguu yangu ilirudi nyuma kwenye utelezi, nami sikwenda popote, na pikipiki haikwenda popote.

"Hujapata ardhi!" alisema Getrude akigeuka. "Tafuta jiwe! Pale, kulia kwako, kanyaga pale!"

Nilikanyaga mzizi uliotokeza, nikasukuma. Tairi lilishika kitu kigumu chini ya tope. Tope lote lililokuwa pale lilikuja kwangu kwa wakati mmoja, kuanzia magoti mpaka kwenye meno, na pikipiki ikaruka mbele na kupanda kwenye changarawe.

Nilipofungua macho alikuwa ameshageuka kuniangalia, amemshika Richard koti kwa mkono mmoja, anacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia siku zile zote.

"Tairi linasukuma tope, tope linasukuma tairi!" alipaza sauti. "Pole sana, mgeni! Bila hivyo tusingeondoka!"

Nesi Vénérande alinipa kitambaa. Bibi Rozalia alikuwa ametoka langoni mpaka barabarani. Pikipiki ilipita kwenye mashine ya kukoboa, ambako Method alisimama na gunia begani na kuinua mkono uliokuwa huru, kisha ikachukua kona ya kwenda Mamba, Getrude akiwa amekaa wima nyuma, kichwa chake kikienda juu na chini kama cha mtu anayerudia somo.